Mama wa Wenzake

Muuguzi wa chuo alipoingia ukumbini na boksi lake la kondomu, wasichana walimpigia makofi kama bibi harusi. Binti yake, aliyekaa safu ya nyuma, hakupiga.

"Haya wanangu, leo hakuna kuoneana haya," mama alisema. Akaeleza yote: hedhi, vidonge, magonjwa, hata namna ya kumwambia mpenzi kwamba bila mpira hakuna mchezo. Ukumbi ukaangua kicheko.

"Una bahati wewe," alinong'ona mwanafunzi mwenzake waliyemwita Chiriku kwa domo lake. "Mama kama huyu unamweleza kila kitu."

Binti alicheka kwa meno tu. Siku alipovunja ungo, mama huyohuyo alimwachia pedi kitandani na neno moja: jichunge. Basi, kimya mpaka leo. Kumbe maneno anayo, tena matamu, amewawekea watoto wa watu. Wivu ulimkaba kama mwiba wa samaki.

Baadaye wasichana walipanga foleni nje ya zahanati. Chiriku alitoka akifuta machozi, uso umenawiri. Hapo uvumilivu ukamshinda binti, naye akapanga.

"Karibu, kaa," mama alisema akinawa mikono, hajageuka bado.

"Nawashwa huku chini. Uchafu unanitoka, una harufu. Na nina mtu."

Mama aligeuka, maji yakiendelea kumwagika.

"Mbona hukuniambia nyumbani?"

"Nyumbani muuguzi haji. Utamu wote unaumalizia huku."

Mama akafunga bomba, akavuta kiti karibu naye. "Hawa nikiwakosea neno, hawarudi, basi. Wewe nikikukosea, bado nitakuona kila siku. Nilikuogopa, mwanangu."

"Haikunisaidia."

"Najua. Mpira mnatumia?"

"Siku nyingine."

"Siku nyingine si kinga. Na usijinunulie dawa kwa kubahatisha. Tupime kwanza, ukiwa ugonjwa wa zinaa, huyo mtu wako naye atibiwe."

Vipimo vilionyesha maambukizi mepesi, si ya zinaa, ya kupona kwa dawa za wiki moja. Wakiwa njiani kurudi nyumbani, mama aliuliza kwa sauti ndogo, "Huyo mtu ni nani?"

Binti alimweleza anasoma nini, walivyokutana, anavyochekesha. Jina lake alimbania. Chiriku alikuwa ameshasikilizwa kabla yake, na hilo lilikuwa bado linamuuma.