Prufu ya Mchezo wa Kijiji

Mimi na mwenzangu Ila tulisoma prufu, zile karatasi za kwanza za kusahihishwa, pamoja miaka kumi na mmoja, katika kiwanda cha chapa Mtaa wa Sikukuu. Yeye anasoma mswada kwa sauti, hata nukta na mkato anavitaja. Mimi nafuata kwenye prufu, kalamu mkononi. Ndivyo kazi ilivyo, mtu na mwenzake. Mwaka sabini na nne familia yake ya Upanga ikahamia Uingereza, naye akaenda.

Bwana Nassibu, mkuu wetu, akataka kunipa mwenzangu mwingine. Nikawaka. "Wa nini? Nitasoma mwenyewe!"

"Kidole kimoja hakivunji chawa, Ndugu Evarista."

"Mimi si kidole, ni mkono mzima."

"Haya. Kikiharibika kitabu, unakwenda nyuma kukunja karatasi."

Jeuri yangu, jamani! Kumbe nilikuwa namlilia Ila tu.

Kazi ya kwanza ilikuwa kijitabu cha kanuni za mchezo wa vijana: mmoja mkulima, mwingine bwana shamba, wa tatu mwalimu, wanatupa dadu na kujenga kijiji. Nilikisoma mara tatu kimyakimya, maana kusoma kwa sauti peke yangu nilijiona mwehu. Tena kanuni haziaminiki mpaka zichezwe, basi nikacheza. Nikatupa dadu ya mkulima, nikatupa ya bwana shamba, nikamjibia na mwalimu. Kijiji kikasimama. Nikatia sahihi.

Wiki mbili baadaye akaja Vitalis, kiongozi wa vijana wa Ilala, kijitabu mkononi, shati limechanika.

"Shikamoo mama. Tumepigana. Humu hamna mahali panaposema zamu inaisha lini. Aliyeshika dadu haachii!"

Tukatoa mswada. Kanuni ya saba, mstari wa mwisho: ukishatupa, mpe mwenzako dadu. Mpangaji herufi aliuruka, na mimi nikaupita.

"Si ulisema umeucheza?" Bwana Nassibu akauliza.

"Niliucheza mpaka mwisho."

"Na hukuona kwamba zamu haibadiliki?"

Ningeonaje? Dadu haikutoka mkononi mwangu. Hapakuwa na wa kumpa.

"Nilicheza peke yangu," nikasema, nikaangua kilio mbele ya yule kijana, mtu mzima mimi.

Kesho yake nikaenda nyuma. Kule wanawake sita wanakunja karatasi na kupiga soga kutwa. Mmoja wao, jina lake Kijakazi, akanisogezea kigoda, akaniuliza nimeamkaje. Nikaketi, nikamjibu nimeamka salama, kisha nikamwuliza na yeye ameamkaje.