Pahali Laini pa Kuangukia

Mwaka ule wa kuhamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, mume wa Kalista alipatwa na wazimu wa kuteleza. Sijui uitweje kama si wazimu. Marselino, fundi seremala wa misheni, mtu mzima, baba wa mtoto wake Rafaeli, alijichongea mbao mbili zinazompita kimo, akazipaka nta ya nyuki, akazifunga miguuni na kushuka nazo mlima wa nyasi kavu ulio nyuma ya kijiji. Aliyemwambukiza ni Bruda Leonardi, Mzungu wa karakana kule Sumbawanga, aliyekulia kwenye milima ya theluji. Kwao, Bruda alisimulia, watu hushindana kushuka mlima moja kwa moja bila kukata kona, na mwenye kasi kuliko wote ndiye mshindi.

Mwenyekiti wa kijiji alinuna. Wenzake Marselino wako shamba la ujamaa, yeye anacheza. Kalista naye alinuna, ila kwa sababu yake mwenyewe: kila Jumapili baada ya misa mumewe alishuka mbio, na alipofika chini kwenye tambarare alianguka kwa kishindo. Jioni ni yeye aliyemkanda kiuno kwa maji ya moto. Alimpenda mno yule mwanamume, na aliogopa kwamba siku moja hatainuka. Alimsihi aache. Marselino alicheka tu, akasema tatizo ni ardhi ya kule chini, ngumu mno.

Neno hilo likamkaa Kalista moyoni. Kumwachisha mume mchezo hakuweza, lakini ardhi ngumu aliiweza.

Baada ya Pasaka Marselino aliitwa mjini kupaua bweni la misheni, akakaa huko hadi nyasi zilipokauka. Huku nyuma Kalista alichukua jembe akaenda pale chini ya mlima. Udongo ulikuwa bado na unyevu, akafanya alichofundishwa na mama yake tangu utotoni, kama Mfipa yeyote: alipindua nyasi, akazifunika kwa udongo, akainua ntumba, yale matuta ya duara, moja baada ya jingine, makubwa na laini kama unga wa ulezi. Alilima alfajiri kabla watu hawajatoka, wala hakumwambia mtu, kwa kuwa ilikuwa zawadi. Mgongo ulimuuma, na bado alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuwa nayo tangu wahamishwe.

Asichokijua ni kwamba huko mjini, kwenye kilima cha karibu na karakana, Bruda alikuwa amemfundisha Marselino kutoanguka. Ukifika chini unaziacha mbao zikupeleke kwenye tambarare mpaka zichoke zenyewe. Kinachotakiwa ni uwanda mtupu, hata ukiwa mgumu namna gani.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita wakaja wote wawili, Bruda na saa yake ya kupimia mbio. Walipanda kwa upande wa pili wa mlima. Kalista alisubiri chini, kando ya matuta yake, amevaa kitenge chake cha kanisani. Mlima ule una tumbo katikati, na aliye juu haoni chini mpaka alivuke. Marselino alipolivuka, ameinama, mikono mbele, kwa kasi ambayo mkewe hakuwahi kuiona, Kalista aliinua mikono yote miwili akampungia. Huku, njoo huku. Naye akazielekeza mbao kwa mkewe.

Ncha zikazama kwenye tuta la kwanza.

Kalista alipomfikia alikuwa bado anapumua, shingo imelala vibaya, udongo mdomoni. Akampangusa kwa kitenge.

"Nani amelima hapa?" Marselino aliuliza.

"Ni mimi, baba Rafaeli. Nilitaka uangukie pahali laini."

Marselino hakuwa na hasira, na hilo lilimuuma Kalista kuliko tusi.

"Kosa langu," akasema polepole. "Sikukuambia."

Marselino alikata roho, Bruda akiwa bado njiani kushuka.

Msibani mama mkwe, bibi Kristiana, alikaa mkekani karibu na Kalista, akamshika mkono. Alisema amekwenda kupaona pale mahali, na moyo wake umepoa kidogo, maana mwanawe hakugonga jiwe.

"Aliangukia udongo laini, mwanangu," akasema. "Sijui nani alilima pale. Mungu ambariki."

Wanawake wote wakaitikia amina. Kalista alifungua mdomo aseme ukweli, akaona uso wa mama yule, akaitikia amina na yeye.