Unga wa Ijumaa

Kila Ijumaa, kabla jua halijazama nyuma ya mgongo wa kilima cha Manga, Mzee Obwocha alipiga goti mbele ya farasi wake kama mtu anayemvisha mfalme viatu. Mikononi alishika sufuria ya pumba zilizochanganywa na molasi, na juu yake unga mweupe, vijiko viwili alivyovisawazisha kwa kidole. Bela, farasi jike wa rangi ya majivu, alilamba mpaka sufuria ikalia. Kesho yake, Jumamosi, ilikuwa Sabato, na Obwocha hakupenda kazi yoyote ivuke machweo.

Farasi huyo ndiye aliyekuwa fahari yake. Alimtunza miaka mingi katika shamba la chai la Mzungu mmoja upande wa Sotik, na Mzungu alipofunga virago akamwachia. Kilima kizima hakikuwa na mwingine. Bela alipoanza kuchechemea, majirani walisema siku zake zimekwisha. Obwocha, aliyejifunza kusoma ukubwani katika darasa la ngumbaru, alikataa kushindwa na jambo ambalo watu wengine wameliandikia vitabu. Akauliza, akasoma, akapata habari za unga wa kutibu viungo vya miguu ambao wenye farasi wa mashindano kule Nairobi huwalisha wanyama wao. Ratilal, mwenye duka la dawa za mifugo mjini Kisii, akamwagizia.

Siku ya kwanza Obwocha alimuuliza kama unga ule unasaidia kweli.

“Mzee, mimi nauza tu,” Ratilal alisema. “Farasi yangu mimi ni ile ya picha kwa kalenda.”

Lakini ulisaidia. Obwocha aliona kwa macho yake mwenyewe. Kila Jumapili asubuhi alimtembeza Bela kwenye njia tambarare iliyo mbele ya kanisa, na mnyama alinyoosha miguu bila kusitasita. Ijumaa mzito, Jumapili mwepesi. Ushahidi gani tena ulitakiwa? Ni kweli kwamba kufikia Jumatano magoti yalivimba upya, ila hilo Obwocha alilieleza kuwa ni nguvu ya unga kupungua mwilini. Alilieleza kanisani, akalieleza kwenye kituo cha kununulia majani ya chai, hata jirani yake Nyangau akaanza kufikiria kumnunulia punda wake kopo moja. Na kwa kuwa dawa ilikuwapo, Obwocha aliongeza mzigo. Gunia moja la majani mgongoni mwa Bela likawa mawili.

Ndipo ikaja mvua ya El Nino ya mwaka wa tisini na saba. Barabara zilikatika, Ratilal akatuma salamu kwamba bidhaa za Nairobi hazijafika. Ijumaa hiyo Bela alilamba pumba tupu. Sabato nzima Obwocha aliimba nyimbo za kanisani huku moyo wake ukiwa zizini. Alijiandaa kumkuta mnyama ameshindwa kusimama.

Jumapili Bela alitembea kama kawaida yake ya Jumapili. Obwocha alimpeleka na kumrudisha, akampeleka tena. Mtu mwingine angefurahi. Yeye alimfunga kamba upesi kana kwamba kuna mtu anayewatazama.

Mkewe, Kemunto, alikuwa mlangoni akipepeta maharagwe. Obwocha alimwambia, kwa sauti ya mtu anayeripoti wizi, kwamba Bela ametembea vizuri bila unga.

“Baba Mogire,” Kemunto alisema bila kuinua macho kutoka kwenye ungo, “hata mimi magoti yangu huwa mapya Jumapili. Na mimi sijalambishwa kitu.”

Obwocha alitaka kucheka, kicheko kikagoma. Huenda unga wa wiki zilizopita ulikuwa bado mwilini mwa Bela. Huenda ulikuwa ukisaidia kidogo, na mapumziko ya Sabato yakisaidia zaidi. Neno hilo, huenda, hakuwahi kulipenda, na sasa hakuwa na jingine. Alichokijua kwa hakika ni kwamba gunia la pili alilipandisha yeye, kwa mikono yake, akiliamini kopo kuliko magoti aliyoyapapasa kila siku.

Lakini kumpumzisha Bela nako kulikuwa na bei yake. Kabla ya farasi kuja, magunia yale yalishuka kilima mgongoni mwa Kemunto, kamba ikimkata kipaji cha uso, na Obwocha akitangulia na mwavuli. Mchana kutwa alilizunguka jambo hilo bila kulitaja.

Jumatatu, chai ilipokwisha kuchumwa, alimwona Kemunto akiishusha ile kamba kutoka kwenye dari bila kuambiwa. Akajua kwamba mkewe naye alikuwa amefikiri, tena amefika mbele yake. Obwocha alimwacha Bela zizini, akalikamata gunia kubwa na kulitupa mgongoni mwake.

“Wazee wenzako wako kituoni, watakuona,” Kemunto alimkumbusha taratibu.

“Najua.”

Kemunto alifunga majani yaliyosalia katika gunia dogo, akamfuata. Matope yalikuwa yakiteleza. Obwocha alipofika kituoni pumzi ilikuwa imemwisha, na Nyangau alikuwa amesimama pale pamoja na punda wake, akingoja mizani.

“Mzee Obwocha, kumbe wewe ndiye farasi siku hizi?” Watu wakaangua kicheko. Nyangau akasogea, akashusha sauti kama mtu anayetaka ushauri wa kweli. “Ule unga, mzee. Niagize?”

Zamani jibu lingemtoka kabla swali halijaisha.

“Punda wako hupumzika lini?” Obwocha aliuliza.

“Punda?” Nyangau aliwageukia wenzake. “Apumzike, kwani anaenda kanisani?”

Wakacheka tena. Juu kwenye mteremko Kemunto alikuwa akishuka upande upande, hatua moja, kisha anasimama, mkono mmoja umeshika goti. Obwocha alilitua gunia kando ya mizani, akakunja suruali, akaanza kupanda.