Mke wa Marehemu

Bibi alikataa kiti. Alisimama mbele ya meza ya afisa wa mafao, akimkazia macho yule kijana mwenye miwani kana kwamba ndiye aliyeitwa kuhojiwa.

"Bibi, huyu mama unamfahamu?" afisa aliuliza, akimnyooshea mama yangu kidole.

Bibi alimgeukia mama, akamtazama toka utosini hadi miguuni.

Baba alikuwa fundi wa nyaya za umeme. Asubuhi moja baada ya mvua alipanda nguzo, wenzake wakimtania kutoka chini, na mtu kituoni akarudisha umeme kabla ya wakati. Baada ya maziko tuliambiwa kwamba serikali huwatunza wategemezi wa mfanyakazi aliyefia kazini. Mimi nilikuwa na cheti cha kuzaliwa. Mama hakuwa na cha ndoa. Bibi aliapa zamani kwamba ndoa ile haitafungwa yeye akiwa hai, na baba, asiyetaka kumwudhi mama yake wala kumwacha mama yangu, aliishi naye hivyo hivyo mpaka mwisho. Sasa ilibidi mzazi wa marehemu athibitishe kwamba mama alikuwa mkewe.

Koridoni, baba mdogo alikuwa ameshamfunda Bibi, bila hata kunong'ona. "Sema humjui. Yeye bado kijana, ataolewa kwingine. Fungu lake litarudi kwako."

Mama alisikia. Aliinama akanifunga upya kamba za viatu, ambazo hazikuwa zimelegea.

"Bibi?" afisa alirudia.

"Namfahamu. Simpendi."

Baba mdogo akakohoa.

"Sijauliza hilo, Bibi."

"Nimesikia ulichouliza. Mwanangu aliwahi kuanguka kazini akavunjika nyonga, akalala kama gogo. Mimi nilikwenda kumtazama nikarudi kwangu. Huyu anayekohoa hakwenda kabisa. Aliyemwogesha, akamgeuza, akamfundisha kutembea kama mtoto, ni huyo hapo." Alivuta pumzi. "Andika mke."

Afisa akaandika. Bibi akachovya kidole gumba kwenye wino, akakikandamiza karatasini muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nje, baba mdogo alitangulia bila kugeuka.

"Ahsante, mama," mama yangu alisema.

"Usinishukuru. Sikukufanyia wewe."

Tukatembea hadi kituo cha basi, mimi katikati yao.

Pensheni ile ilitulisha na kunisomesha. Bibi alipoishiwa nguvu, mama alimleta nyumbani. Waligombana kuhusu chumvi, kuhusu madirisha, kuhusu namna ya kuanika shuka. Bibi hakuwahi kulainika, na mimi, niliyekwisha kuwa mtu mzima, siku moja nilimwuliza mama kwa nini anavumilia yote hayo.

"Ni mkwe wangu," alisema, kisha akaniambia nishushe sauti, mzee amelala.