Mlio wa Glenys

Clive Pomeroy wa Coburg alikuwa na ugonjwa mmoja: kubishana na shemeji yake Trevor. Kila Jumapili Trevor anakuja na kompyuta kwapani, anakula keki tatu, kisha anaanza kulisema sintesaiza la Clive, kinanda cha umeme cha zamani.

"Shemeji, hilo sintesaiza lako lina kilo arobaini. Humu nina masintesaiza mia mbili, na mgongo hauniumi."

"Hizo ni picha tu. Langu lina waya, lina joto. Ukiliwasha unalisubiri nusu saa lijisikie vizuri."

"Kama wewe asubuhi."

"Tena halikumbuki kitu! Ukizungusha kifundo cha sauti, mlio wa mwanzo umekwenda. Ndiyo raha yake."

Raha gani! Miaka sita Clive hakugusa kifundo hata kimoja. Vyote thelathini na viwili vilikaa palepale alipoviacha marehemu mkewe, Glenys, dada yake Trevor, wiki moja kabla ya kulazwa. Alivizungusha, akaupata mlio, akasema, "Huyu ndiye mimi." Tangu hapo Clive alipiga mlio huo mmoja tu, kila asubuhi, chai ikimpoea. Trevor alijua, na utani wake hapo haukufika.

Basi Ijumaa akaja Beryl, dada yake Clive, kutoka Ballarat, mwanamke asiyeweza kuona vumbi akanyamaza. Clive akaenda kununua maziwa. Aliporudi, sintesaiza linang'aa.

"Nimekufutia mpaka vile vidude," Beryl akasema kwa fahari. "Vilikaa shaghalabaghala, kimoja kinatazama huku, kingine kule. Nimevinyoosha vyote vitazame juu."

Jamani! Clive alikaa chini sakafuni, maziwa mkononi.

Siku mbili alizungusha vifundo, akasikiliza, akalia. Ukatoka mlio wa nyigu, wa mbuzi, hata wa Beryl mwenyewe akikoroma. Wa Glenys haukuja.

Jumapili Trevor akakuta keki hazijaguswa, akaelezwa. Hakucheka. Akafungua kompyuta.

"Usinipige, shemeji. Krismasi niliurekodi ule mlio kwa siri, nikauiga humu. Nilitaka nikuumbue, nikashindwa."

Akabonyeza. Mlio ukatoka laini, safi kabisa. Beryl akapiga makofi. Clive akatikisa kichwa.

"Siye."

"Siye vipi? Nimeuiga wote! Tena kulikuwa na sauti mbili hazilingani, nikazilinganisha."

"Umezilinganisha!" Clive akaruka. "Mjinga wewe, dada yako lini aliimba sawa? Kwaya nzima ilimwomba achezeshe midomo tu! Zipotoe!"

Trevor akazipotoa kidogo.

"Bado."

Akaongeza.

"Hapo! Toa mkono! Usiguse!"

Alikuwa yeye, juu kidogo ya pale alipotakiwa kuwa, wala hana habari. Trevor alijifuta macho kwa kitambaa cha vumbi cha Beryl.

Muda wa kuondoka ulipofika, akataka kufunga kompyuta yake. Clive akamdaka mkono.

"Usifunge."

"Shemeji, nimeshauhifadhi. Hauendi popote."

"Usifunge, nimesema."

"Kesho nina kazi, bwana!"

"Kanunue nyingine."

Trevor akaenda zake mikono mitupu. Kompyuta ikabaki wazi juu ya lile sintesaiza, na pembeni yake kikaratasi: BERYL, USIGUSE.