Taa Nane za Kijani

Safari hii video aliyoipandisha mtandaoni ilidumu muda wa kumenya kitunguu saumu. Xiuqin alipoinua macho, pale palipokuwa na uso wa mumewe pameandikwa: Haipo. Na Deshun mwenyewe, kwa kauli ya mgodi, hayupo. Hakufa, hakushuka tu shimoni siku ile. Tangazo lilisema maji yameua wawili. Lakini mwokoaji mmoja alimletea kimyakimya simu aliyoikuta ndani ya buti la Deshun. Humo Deshun anamulika maji yaliyomfika kifuani, anaita wenzake jina kwa jina. Wanaitika kumi na mmoja.

Binamu yake Xiuqin, Baocheng, fundi simu, akamletea kompyuta kuukuu yenye programu.

"Hii haina bwana mkubwa wa kufuta," alisema. "Video inakatwa vipande, vinapita kompyuta hadi kompyuta. Ila mfungulie unayemjua tu, dada. Usiyemjua abaki nje."

"Ninayemjua ni wewe."

"Mtandao wa watu wawili si mtandao, ni ndoa. Tafuta wengine."

Akaenda kwa waliofiwa wenzake. Mama Hou, ambaye mwanawe anasikika kwenye video akiitika huku anatania, alimpa bakuli la tambi za siki, akamkaza skafu shingoni. "Mdogo wangu, nina mwingine anasubiri nafasi ya chuo." Jirani wa pili hakufungua. Wa tatu alifungua, akalia, akafunga. Umlaumu nani? Uoga wao ulikuwa na watoto wa kulisha.

Aliporudi, taa ya kijani iliyoonyesha Baocheng ameunganishwa ilikuwa imezimika kwenye kioo cha kompyuta. Akampigia.

"Mwenye nyumba wangu kaulizwa habari zangu, dada. Nina mke."

"Na mimi nilikuwa na mume."

Baocheng akakata simu.

Chini ya kioo palikuwa na kitufe ambacho binamu alimkataza: Pokea wageni. Xiuqin akakibonyeza.

Taa ya kijani. Nyingine. Zikafika nane, chapuchapu, kama watu waliokuwa wamejibanza nje wakingoja mlango. Majirani wa miaka ishirini wamemfungia. Wageni hawakuuliza hata jina! Vipande vikaondoka vyote. Akakaanga mayai, akala bila kujilazimisha.

Hajamaliza sahani, hodi. Afande Pang, aliyesoma darasa moja na Deshun, alijipangusa viatu kwa adabu.

"Shemeji, twende ukanywe chai."

Mji mzima ulijua chai ya kituoni inanywewaje: kwa maswali hadi asubuhi. Xiuqin akacheka.

"Mmechelewa. Watu wanane wanayo. Kawafute hao."

Pang alijikuna kisogo.

"Shemeji, wote wanane ni sisi. Chumba kimoja. Kompyuta zimepangwa mezani kama mabakuli ya harusi."

Mafuta ya mayai yaliganda taratibu kwenye sahani.

"Mmeitazama?"

"Yote. Mimi mwenyewe."

"Basi umemsikia rafiki yako akiwaita. Waliitika wangapi?"

Pang alitazama sahani, akatazama viatu vyake vilivyopanguswa.

"Wawili, shemeji," akasema. "Chukua koti, nje baridi."

Akatangulia kumshikia mlango. Kwenye kioo taa nane ziliendelea kuwaka, zikimngoja Xiuqin atume kipande kingine.