Rubiela Avuka Mpaka wa Genge

Asubuhi ile Wilmar alipita mlango kwa mlango akitangaza amri ya genge lake: hakuna mtu wa mtaa wa juu atakayevuka duka la mikate kwenda chini. Na huko chini ndiko manispaa ya Medellín ilikoitisha mkutano wa saa nane mchana, wa kuamua kama mlima ule ujengewe ngazi na taa. Manispaa ilishasema: wasipofika watu wa mitaa yote miwili, hakuna ujenzi.

Rubiela, fundi wa kushona, alimsikiliza huku akigeuza arepa, mikate yake ya mahindi, jikoni.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Haya, nenda zako. Arepa zangu zinaungua."

Mwanawe Edilson aliuawa pale pale dukani, kosa lake kuvuka kumfuata msichana wa mtaa wa chini. Tangu hapo hakuna aliyevuka.

Mchana akavaa gauni lake la kanisani, akatoka. Wifi yake Nohemí akamdaka mkono.

"Una wazimu? Watakuua mchana kweupe!"

"Waniue mchana, basi. Watu waone."

Wilmar alikuwa mbele ya duka na wenzake wawili.

"Rudi, mama. Wewe ni mama yangu wa ubatizo, usinilazimishe."

"Nilikubeba mikononi mbele ya padre, ukanikojolea. Leo unanitisha? Piga! Ila nipige usoni, mgongo sikupi."

Mwenzake mmoja akacheka. Wilmar akachomoa bastola, akafyatua hewani. Madirisha yakafungwa. Mkojo ukamtoka Rubiela kidogo, na baadaye hakuwahi kulificha hilo. Lakini alipiga hatua, akampita.

Nyuma yake akasikia kandambili. Nohemí huyo, anatukana njia nzima! Kisha mwoka mikate na aproni yake, kisha familia nzima ya kina Zuluaga. Risasi ya pili haikulia.

Ukumbini, Marcela wa manispaa aliduwaa. "Nyinyi mmetoka juu?"

"Juu kabisa," Rubiela akajibu, bado anahema. "Na ngazi peke yake hatutaki. Tunataka karakana ya kuwafundisha vijana kazi, na nyinyi mpande kwetu kila mwezi, kwa miguu, bila kujificha nyuma ya polisi."

Watu wa chini wakapiga makofi.

Wiki hiyo hiyo cherehani yake ilivunjwavunjwa, vipande vikatupwa mlangoni. Ndugu wakamsihi ahame. Akanunua sindano, akashona kwa mkono, tena barazani, mbele ya macho ya wote.

Ngazi zilijengwa. Karakana ilichelewa, mpaka Marcela akachoka kusumbuliwa, ikajengwa. Genge halikuisha, ila mpaka wake ulikufa.

Siku moja Wilmar alimkuta Rubiela ngazini na furushi la vitambaa, akajibana ukutani kumpisha.

Rubiela akapita bila kumshukuru.

"Hata asante?" Nohemí, aliyekuwa nyuma yake, akanong'ona.

"Asante ya nini? Njia ni yangu."